Pijo la Mashindano la Mjomba Dominiko

Kabuku, Handeni
12 Januari 2024

Mjomba wangu Dominiko,

Shikamoo. Hapa Kabuku tu wazima, na mimi ni mzima kuliko wote, kwa sababu leo asubuhi mume wangu (nikiliandika neno hili natabasamu peke yangu kama mwehu) ameniletea chai kitandani. Chai, Mjomba! Mama mkwe wangu, Mama Naisenya, amekuja kututembelea kutoka Kang'ata na kibuyu cha maziwa. Alipomwona mwanawe anapita na kikombe akashika kiuno akasema, "Ezra, huko Korogwe ulilishwa nini?" Ezra akajibu, "Nililishwa maneno, mama." Nikajifunika shuka mpaka kichwani kwa aibu na furaha.

Duka letu la dawa za mifugo linakwenda vizuri. Wafugaji wanakuja na pikipiki, wananiita shemeji, wanataka dawa ya kupe na kunitazama kama kweli Ezra Loishiye amepata mke anayejua kusoma maandishi madogo kwenye chupa. Najua! Nasoma kwa sauti mpaka wanachoka.

Sherehe ya kuniaga ilikuwa nzuri hadi nikaogopa. Kitu kimoja tu, Mjomba. Mshereheshaji alipoita, "Mjomba wa binti ainuke apokee blanketi lake," hakuinuka mtu. Akaita tena. Ndipo Loyce, jirani yako, akasimama akasema una homa kali. Wakwe wakalikunja blanketi, wakaliweka juu ya kiti chako, na kile kiti kikakaa na blanketi hadi mwisho wa sherehe. Wewe ndiye uliyenilea tangu mama yangu Stefania, dada yako, alipofariki. Nilicheza, nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa yanarudi pale.

Ningekupigia simu kama wapwa wengine wanavyofanya. Lakini masikio yako yaliliwa na mashine ya kuchakata mkonge, na Loyce anasema simu yako siku hizi ni ya kukandamizia karatasi zisipeperuke. Basi tuandikiane. Kwangu ni raha tu. Ezra anasema nikishika kalamu nasahau kupika.

Sasa, gari letu! Nimemsimulia yote. Nimemwambia jinsi ulivyookota kwenye mitumba pale Korogwe lile boksi la gari la mashindano la Kimarekani, la kuunganisha vipande vya plastiki, aina ile inayozunguka uwanja mmoja ikikata kushoto tu, kushoto tu. Chasisi nzima, injini nzima, bodi hamna. Na jinsi yule injinia wa shamba la mkonge alipoondoka alivyokuachia boksi la Pijo 504, lenye bodi nzuri na matairi kama vifungo vya shati. Ukasema, "Tutawaoza hawa wawili." Nilikuwa darasa la tano. Tukabuni timu yake, Timu ya Mkonge, na dereva wake mwanamke anayewapita Wamarekani wote. Gari ambalo halijawahi kuwepo duniani, na mimi nilikuwa nakwambia mbio zake zote!

Uliniahidi litakuwa zawadi ya harusi yangu. Ezra ameshatengeneza kabati la kioo, na katikati ameacha nafasi. Usinicheke, lakini nikiifuta vumbi ile nafasi tupu naisikia inaita.

Mpwa wako mwenye furaha,
Asnath (Mama Mtarajiwa wa Nyumba ya Loishiye, anasema Ezra)


Magoma, Korogwe
9 Februari 2024

Mpwa wangu Asnath,

Marahaba. Barua yako aliileta Semboja, kondakta, ikiwa na alama ya kidole chenye mafuta. Nadhani aliisoma huku anakula.

Sisi ni wazima. Mahindi yamesimama. Kuku wa Loyce ameingia kwenye kopo langu la thina akatoka bila manyoya ya mguu mmoja, na Loyce amenisema kwa ishara kwa muda wa siku nzima. Mwambie mumeo asiache kuleta chai. Homa ilikwisha. Blanketi nimelipokea, linanitosha.

Gari. Pijo ni jembamba kuliko Mmarekani. Nimelipasua katikati kwa wembe, kuanzia boneti hadi buti, nikaweka katikati kipande cha rula ya shule ili lipanuke. Kwa hiyo sasa kuna nusu ya kushoto, nusu ya kulia, na rula. Vitu vitatu, na mimi nina mikono miwili. Kazi hii unaijua. Mmoja anabana na kutazama usawa, mwingine anapitisha thina kwa unyoya, plastiki inalainika na kushikana yenyewe. Ukikosea kidogo tu, gari zima linatazama pembeni.

Njoo siku moja unishikie. Njoo asubuhi, mwanga wa barazani ukiwa mzuri. Usikawie, maana masika yakianza mwanga wa hapa hauna maana.

Jambo dogo. Kalamu yako ya bluu inajificha kwenye karatasi. Tumia nyeusi, na herufi zinenepe kidogo. Mimi ni mzee, usinicheke.

Mjomba wako,
Dominiko


Kabuku
25 Februari 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa kelele za Loyce, ingawa najua hukuzisikia! Tumecheka sana habari ya kuku. Mama mkwe amerudi kwake, ameacha amri kwamba nifundishwe kukamua. Nimefundishwa. Ng'ombe alinitazama, nikamtazama, Ezra akasema, "Asna, yeye ndiye anayekuogopa." Jioni tunakaa nje ya duka tukitazama malori ya Dar yanavyopita, na yeye ananihesabia yenye taa moja. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahia malori.

Umeona nilivyonenepesha herufi? Nyeusi kama ulivyotaka! Lakini wino umekwisha hapa hapa, kwa hiyo ukurasa wa pili nimetumia kalamu ya waridi aliyoninunulia Ezra Siku ya Wapendanao. Nisamehe, ni nzuri mno, sikuweza kuiacha kwenye droo.

Kuja wiki hizi siwezi. Ezra anazunguka minadani, mimi peke yangu dukani, na akirudi, nikwambie ukweli, sitaki kuwa mahali pengine popote. Ukiwa kijana uliwahi kuwa hivyo? Hukuwahi kuniambia.

Lakini nimepata dawa! Nakutumia kwa Semboja chupa tatu za supa gluu. Hii haihitaji watu wawili. Inashika kabla hujamaliza kusalimia. Na nimeweka kopo la rangi nyekundu, nyekundu ya shuka la kina Ezra, ili gari liwe la pande zote mbili za ukoo. Timu ya Mkonge imeongeza wafugaji!

Na nakuja, usidhani sitakuja. Jumanne ya tarehe 16 Aprili. Nimeizungushia duara kwenye kalenda ya dukani. Asubuhi, kama ulivyosema. Nitaleta na picha zote za harusi.

Asnath wako


Magoma
20 Machi 2024

Asnath,

Marahaba. Mvua zimeanza, magimbi yanafurahi. Loyce anakusalimia, na kuku amepona.

Ukurasa wa kwanza niliusoma wote. Wa pili niliukisia. Nimekisia kwamba Ezra ni mzima na kwamba una furaha. Jumanne ya tarehe 16 Aprili na neno "picha" niliviona, kwa sababu uliviandika vikubwa. Zilete.

Gundi yako niliijaribu kwenye kioo cha mbele. Inashika kweli, ilishika na kidole changu. Kesho yake kioo kilikuwa cheupe, kama mtu amekipulizia pumzi. Nikakifuta kwa shati. Kikabaki hivyo hivyo. Nikakaa nacho mlangoni muda mrefu, nikikigeuza. Baadaye nikamwita Loyce nikamuuliza yeye anaona nini. Akachukua mkaa akaandika sakafuni, herufi kubwa: UKUNGU UKO KWENYE KIOO.

Asnath, sijafurahi hivyo tangu mwaka jana. Nilimnunulia soda.

Kwa hiyo gundi sitaitumia kwenye bodi. Nimeviweka vipande kwenye sinia, vinasubiri mtu wa kubana. Kazi ya kupima nimeifanya kwa kucha, inatosha.

Jumanne hiyo nilikuwa na miadi Korogwe mjini. Huwa wanatuita mara moja kwa miezi mitatu. Sitakwenda. Wale watakuwepo tena Julai. Wewe sijui utapata lini nafasi nyingine.

Dominiko


Kabuku
4 Mei 2024

Mjomba wangu, Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua umekunja uso. Ukunjue kwanza, halafu nikueleze.

Asubuhi ya ile Jumanne nilikuwa nimevaa, mkoba mkononi, picha ndani ya bahasha. Ezra akaingia anacheka, amepata siku tatu za kupumzika. Akasema, "Mke wangu hajawahi kupanda Lushoto, na mimi sijawahi kumwona mke wangu kwenye baridi." Mjomba, ungekuwa mimi ungefanya nini? Fungate hatukuwa nayo, tulitoka kanisani tukaingia dukani. Nikasema, Mjomba ataelewa, na gari la plastiki halina haraka.

Huko juu ni kama mtu ameosha dunia halafu hajaianika. Tulikula mapeasi hadi meno yakauma. Ezra alijifunga shuka, mimi nikaingia ndani ya shuka hilo hilo, na Washambaa walitucheka sokoni.

Basi lilisimama Korogwe, kwenda na kurudi. Wauza machungwa wakajaa dirishani. Niliitazama barabara ya kuja kwenu, nikakupungia mkono. Usicheke, nilikupungia kweli, hadi muuza machungwa mmoja akanipungia na yeye.

Je, ulinisubiri? Natumaini ulikwenda kwenye miadi yako. Ni mambo ya mafao ya shamba? Hukusema. Na kitu kimoja kimetushinda mimi na Ezra: unaniandikia kwamba kioo kimeharibika, halafu unasema hujafurahi hivyo tangu mwaka jana! Ezra anasema wazee wa mkonge mna utani wenu.

Nitakuja mwezi huu au ujao. Niandikie haraka ili nijue umenisamehe.

Asnath


Kabuku
7 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi umepita, hakuna barua. Semboja anasema amekuletea niliyoandika Mei, umeipokea mwenyewe, ukaiweka mfukoni.

Je, umenikasirikia?

Asnath


Magoma
19 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa Loyce, mkono wangu umechoka kidogo. Mimi nasema, yeye anaandika.

Sikukasirika. Jumanne ile nilitoa meza barazani, nikapanga vipande, nikakaa. Haikuwa siku mbaya. Mvua ilikatika, na watu wanaopita walinisalimia kwa kichwa. Jioni niliirudisha meza ndani. Lushoto ni kuzuri, nilifika huko mwaka ambao mama yako alizaliwa, na mapeasi yalikuwa yale yale.

Gari nimeliunganisha. Nilibana nusu mbili na rula kwa mpira wa tyubu, nikapitisha thina kwa mkono mmoja. Limeshikana. Rangi yako pia nimepaka. Nasikia ni nyekundu sana. Njoo ulichukue, lisije likashikwa na panya.

Msalimie Ezra.

Dominiko

*Sasa Asnath mdogo wangu, ni mimi Loyce, hapa chini ni maneno yangu. Mjomba wako amekaa mbele yangu, anadhani bado namalizia ya kwake. Hasikii, na haoni ninachoandika. Nimesema haoni. Kaa chini kama umesimama.*

*Ana presha ya macho tangu mwaka jana. Wiki ya sherehe yako daktari alimwambia jicho la kushoto limebaki kidogo sana. Hakuwa na homa. Alikuwa amevaa koti tayari, tukafika mlangoni, akajikwaa kwenye ngazi yake mwenyewe. Akarudi ndani. Akaniambia, "Siwezi kuburutwa kama mbuzi mbele ya wakwe wa Asnath. Sema nina homa."*

*Akapewa matone na tarehe za kliniki. Ile Jumanne ilikuwa ya kliniki, na chupa ilikuwa inaelekea kwisha. Nikamwandikia sakafuni, TWENDE HOSPITALI. Akafuta kwa mguu, akasema kwa ile sauti yake ya mashine, mtaa mzima ukasikia, "Asnath anakuja!" Alivaa shati la kanisani. Alikaa na lile sinia hadi kuku wangu walipoingia kulala. Matone yakaisha, akakataa kwenda, akasema atakwenda Julai, na siku zile alikuwa na furaha kwamba ukungu ulikuwa wa kioo, si wa jicho lake.*

*Sasa la kushoto halina kitu. La kulia linajua mlango uko wapi, mchana. Barua yako ya Mei ilimshinda, nikamwandikia kiganjani kwa kidole LUSHOTO na MAPEASI tu. Ya juzi nilimwandikia hivyo hivyo, herufi moja moja, JE UMENIKASIRIKIA. Akakunja kiganja, akasema, "Andika hapana, halafu andika habari za gari."*

*Usimwambie nimekwambia. Ingawa sijui utamwambia kwa njia gani. — Loyce*


Kabuku
2 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika barua ambayo huwezi kuisoma, na hata ukisomewa huwezi kuisikia. Ezra ameniuliza naandika ya nini. Nimemwambia sijui njia nyingine ya kuzungumza na wewe. Tangu niko sekondari, kila neno la maana nililokwambia nilikwambia kwa kalamu.

Mama mkwe hajambo. Duka halijambo. Nimejaribu kuendelea na habari za nyumbani kama siku zote na nimeshindwa, basi niseme yaliyo moyoni.

Tulipofika kwako Jumatano nilikuwa nimejiandaa kulia. Ukanusa hewa, ukasema kwa nguvu, "Nani ameniletea dawa ya kupe?" Nikacheka huku nalia. Ukajua ni mimi kwa harufu ya duka. Ezra akakushika mkono, akakuandikia jina lake kiganjani, nawe ukasema, "Huyu anaandika kama anampiga ng'ombe chapa." Akakuandikia tena taratibu. Ulimpenda, niliona.

Hospitali alikupeleka yeye, akikushika begani kama rafiki, si kama mbuzi. (Loyce aliniambia. Usimkasirikie.) Daktari alikuwa mpole. Alisema kilichopotea hakirudi, matone sasa ni ya kulinda ule mwanga wa mlango. Nikamuuliza, je, kama angekuja Aprili? Akaandika kitu, akapanga karatasi zake, akasema, "Mama, tushughulike na Julai." Nilitaka anijibu. Nimekuwa nikilijibu swali hilo mwenyewe tangu siku hiyo, nikipima dawa, nikifungua duka, usiku Ezra akiwa amelala.

Uliniambia njoo asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Uliniambia andika kwa nyeusi. Uliniambia habari ya kioo. Nimezitoa barua zako zote nikazipanga kitandani, na kila moja inanipigia kelele, na mimi nilikuwa nazisoma kwa haraka ili nirudi kukueleza habari zangu. Hata picha za harusi, ambazo ulizisubiri, nilizipeleka Lushoto zikiwa ndani ya mkoba. Nilimwonyesha mwenye nyumba ya wageni.

Halafu lile la mwisho. Tulipokaa barazani ukaniletea gari, umelifunga kwenye kitambaa. Ukalifungua wewe mwenyewe. Mjomba, nusu ya kulia imetangulia mbele ya nusu ya kushoto, kwa upana wa ukucha. Pua inatazama pembeni. Tairi la nyuma linaelea. Rangi imepita juu ya kioo. Na katikati naiona ile rula ya shule, namba zake bado zinasomeka chini ya wekundu, imenyooka kabisa, na kila kitu kingine kimeikimbia.

Ukaniuliza, "Limenyooka?"

Ukanyoosha kiganja. Nikaandika NDIYO. Niliandika upesi, Mjomba, hata sikufikiri. Ukafunga kiganja, ukasema, "Vizuri. Basi si kazi ya watu wawili."

Ezra alinitazama. Kwenye basi alitazama barabara hadi tulipopita Segera. Halafu akasema, "Asna, kwa nini umemdanganya?" Nikasema amelifanya peke yake gizani, ningemwambiaje? Akasema, "Mimi ningependa kuambiwa." Akageukia dirishani. Ni mara ya kwanza tangu tuoane kulala tumepeana migongo.

Gari sikulichukua. Nilisema ningeogopa livunjike kwenye basi. Huo nao ulikuwa uongo. Sikutaka kuliona kila siku kwenye ile nafasi ya kabati.

Nilidhani furaha ni kitu ambacho ukiwa nacho unawagawia watu kwa barua, na kwamba wanaopokea wanashiba. Kumbe wewe ulikuwa unaniomba asubuhi moja.

Asnath


Magoma
21 Julai 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkono ni wa Loyce, maneno ni yangu, na nimemwambia asiongeze chumvi yake chini. Nimeshajua anaongeza, nasikia kalamu kwa kutikisika kwa meza, inaendelea wakati mimi nimeshamaliza.

Barua yako imefika. Ni nene. Loyce alianza kuniandikia kiganjani. Tulifika kwenye salamu za mama mkwe, maandazi ya Loyce yakaanza kuungua, akakimbia. Alipoanza tena kiganja kilikuwa kinaniwasha. Sehemu iliyobaki sijui uliandika nini. Nimeipapasa, kalamu umeikandamiza sana, karibu itoboe. Nadhani ni habari za Ezra. Endelea kumpenda, ni mtu mzuri, ana vidole vya mtu mkweli.

Ila nakuomba kitu. Kuanzia sasa ukitaka kuniandikia, chagua mstari mmoja. Najua kwako ni adhabu. Loyce ana kazi zake, na kiganja changu si daftari. Fikiria siku nzima kile unachotaka nikijue, halafu andika hicho tu.

Gari liko dirishani. Wanaopita wanaingia, wananishika mkono, wananiandikia ZURI. Mzee wa kanisa, ZURI. Mwenye mashine ya kusaga, ZURI. Tangu macho yaondoke, kila kitu duniani kimekuwa kizuri. Shati langu zuri, mahindi yangu mazuri, hali yangu nzuri. Watu wamenihamishia kwenye nchi isiyo na kasoro, na humo sina kazi ya kufanya.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa msumbufu. Nikimaliza kitu nikakionea fahari, unakuja na sare yako ya shule, unainamisha kichwa, unaniandikia pembeni ya gazeti: Mjomba, tairi limelala. Mjomba, mlango haufungi. Nilikuwa nakasirika hadi silali. Kesho yake nilikuwa nakibomoa nakianza upya, na hizo ndizo siku nilizokuwa naamka mapema.

Wasalimie wote.

Dominiko


Kabuku
22 Julai 2024

MJOMBA, LIMEPINDA. NAKUJA JUMAMOSI TULIKATE.